Wanamuziki Wanapohamia Kijijini: Ukaazi wa Wasanii ni Nini, na Kijiji Hudaiwa Nini

Mwaka 1992 ndugu wanne wa familia moja walihamia Jesup, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Wawili kati yao walipiga fidla, mmoja viola na mmoja chelo. Mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 2,000, na mashamba yaliyouzunguka yalikuwa ya mahindi na soya. Kikundi chao, Ying Quartet, kilikuwa kimeanza mwaka 1988 katika Eastman School of Music, chuo cha muziki kilichoko Rochester, jimbo la New York. Kwa mazoea ya kazi hiyo, vijana wa namna yao hutafuta riziki katika kumbi za miji mikubwa. Hawa waliweka makazi Jesup kwa miaka miwili.

Walikuwa kikundi cha kwanza kupata ruzuku ya kupeleka muziki wa aina yao vijijini kutoka National Endowment for the Arts, mfuko wa sanaa wa serikali kuu ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1965. Walipiga majumbani, shuleni, makanisani na hata benki, mbele ya wasikilizaji ambao mara nyingine walikuwa 6 na mara nyingine 600. Mpango huo baadaye ulipeleka vikundi vingine katika miji midogo ya majimbo mengine.

Miaka hiyo haikuwa ya raha kwa wakulima wa Iowa. Katika miaka ya 1980 familia nyingi zilikuwa zimepoteza mashamba kwa sababu ya madeni, na mwaka 1993 mafuriko yalienea kiasi kwamba kaunti zote 99 za jimbo hilo zilitangazwa kuwa maeneo ya maafa. Mkulima yeyote, wa kule au wa huku, ana haki ya kuuliza: fidla husaidia nini wakati mazao yamo majini?

Jibu la kweli ni kwamba hazisaidii mazao. Ukaazi wa wasanii si mradi wa kipato, na mtu atakayeuleta kijijini kwa ahadi ya utajiri au ya watalii anapaswa kutiliwa shaka tangu siku ya kwanza. Ni huduma ya namna ya maktaba au uwanja wa michezo: hutumiwa na anayetaka, haimlazimishi asiyetaka, na thamani yake huonekana polepole. Makala haya yanaeleza jinsi huduma hiyo inavyoendeshwa, ili siku ombi la namna hii litakapofikishwa mbele ya mkutano wa kijiji, wananchi wawe na la kuuliza kabla ya kunyoosha mikono.

Kuzuru na kukaa

Ukaazi wa wasanii ni makubaliano ambayo kwayo kikundi cha wasanii huishi mahali fulani kwa muda maalumu, iwe wiki chache, msimu mmoja au miaka kadhaa. Kikundi hufanya kazi yake ya sanaa papo hapo na kuwatumikia wakazi kwa sanaa hiyo. Mwenyeji hutoa makazi na mahali pa kazi. Posho kwa kawaida hutoka kwa mfadhili, ingawa wafadhili wengi hutaka mwenyeji naye aoneshe mchango wake. Ruzuku za mfuko uliotajwa hapo juu, kwa mfano, kwa kawaida humtaka mpokeaji atafute kwingine kiasi kinacholingana na alichopewa.

Tofauti kati ya ukaazi na ziara ni kubwa. Kikundi kinachozuru hufika jioni, hupiga usiku, na alfajiri kimo barabarani. Wenyeji humwona mwanamuziki akiwa jukwaani tu, amevaa nguo za jukwaani, asiyekosea. Anayekaa huonekana kisimani, dukani, na kwenye foleni ya zahanati mtoto wake anapougua homa. Husikika dirishani akikosea mstari mmoja na kuurudia mara 20. Mwanafunzi apitaye hapo kila asubuhi hupata somo ambalo tamasha la usiku mmoja haliwezi kumpa, kwani huuona ustadi ukitengenezwa, na si ukiwa umekwisha kutengenezwa.

Ndiyo maana saa za mazoezi ni sehemu ya huduma na zinapaswa kuandikwa katika makubaliano. Wenyeji wengi hukosea hapa. Kwa kuwa wageni wapo, kila taasisi huwataka: shule leo, kanisa kesho, mapokezi ya kiongozi keshokutwa. Baada ya miezi miwili kikundi hakifanyi mazoezi tena, hupiga vipande vile vile, na wakazi nao huanza kuchoka. Asubuhi nzima ya mazoezi, siku nne au tano kwa wiki, si anasa kwa watu wa kazi hiyo. Mlango ukiachwa wazi ili anayependa aingie akae kimya, mazoezi hayo yenyewe huwa huduma.

Muziki wa chemba kwa mtu wa kwaya

Muziki wanaoupiga watu kama Ying Quartet huitwa muziki wa chemba, yaani muziki uliotungwa kwa ajili ya wapigaji wachache, upigwe chumbani na si uwanjani. Hakuna kiongozi anayesimama mbele akipunga fimbo, wala hakuna vipaza sauti. Mwanakwaya hahitaji maelezo marefu: fidla ya kwanza ni kama sauti ya kwanza, fidla ya pili ni sauti ya pili, viola ni sauti ya tatu, na chelo ni besi. Tofauti ni kwamba kila sauti ina mtu mmoja tu, na hivyo hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kwa wapenzi wa taarabu asilia fidla si chombo kigeni hata kidogo. Kule Zanzibar, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, fidla imekaa pamoja na udi na kanuni kwa vizazi.

Kwa kuwa hawana kiongozi, wapigaji wanne huanza pamoja kwa kutazamana na kuvuta pumzi. Msikilizaji aliyeketi hatua tatu kutoka kwao huisikia pumzi hiyo, na huona jinsi mmoja anavyompisha mwenzake apite mbele kisha akamfuata. Aliyeketi safu ya arobaini ya ukumbi mkubwa hayaoni hayo. Kwa hiyo hesabu ya wasikilizaji 6 sebuleni kwa mtu haikuwa kushindwa kwa mpango wa Jesup. Muziki huu ulitungwa kwa ajili ya vyumba vya namna hiyo. Afisa anayeandika taarifa ya robo mwaka aliweke akilini jambo hili, asije akapima ukaazi kwa idadi ya vichwa kama unavyopimwa mkutano wa hadhara.

Utaratibu wa kuwaweka wanamuziki shambani ni wa zamani, na lawama zake ni za zamani pia. Joseph Haydn, mtunzi wa Austria aliyekikuza kikundi cha watu wanne wa nyuzi kuliko mtu mwingine wa wakati wake, aliingia katika utumishi wa familia ya Esterházy mwaka 1761. Bwana wake, mwanamfalme Nikolaus, alikuwa na jumba kubwa huko Eszterháza, Hungaria, mbali na mji, na kila mwaka aliwahamishia wanamuziki huko. Mwaka 1772 alikawia kurudi mjini. Wanamuziki, ambao wengi wao hawakuruhusiwa kuja na wake zao, walinung'unika. Haydn akatunga simfoni ambayo mwishoni mwake wapigaji huzima mishumaa yao mmoja baada ya mwingine na kutoka, hadi wakabaki wawili. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme alielewa, na msafara wa kurudi ukafungwa mara moja.

Kijiji kinachoandaa ukaazi kitazame hapo kwanza. Wanamuziki ni watu wenye wenzi, watoto na wazazi wazee. Makubaliano yasiyosema lolote kuhusu familia huvunjika katikati ya kipindi.

Nyumba, chumba na bati

Suala la makazi ndilo litakalozusha maneno mengi mkutanoni, na ni sawa lizushe. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwalimu au muuguzi isitolewe kwa wasanii maadamu yupo mwalimu au muuguzi anayeihitaji. Hakuna muziki unaoweza kufidia mtumishi anayelala mbali na kituo chake cha kazi. Njia iliyo salama ni kupanga nyumba ya mtu binafsi kwa fedha za mfadhili, kwa mkataba wa maandishi, ili kodi ibaki kijijini.

Chumba cha kupigia si lazima kiwe kizuri, lakini kuna mambo matatu yasiyokwepeka. La kwanza ni mvua. Vyombo hivi havikuzwi sauti kwa umeme, na mvua ikianza kupiga juu ya bati lisilo na dari, onyesho limekwisha, hata kama wapigaji wangali wanasogeza nyuta zao. Kwa sababu hiyo ratiba ya maonyesho ya ndani hupangwa kiangazi, au katika jengo lenye dari. La pili ni kelele za jirani: mashine ya kusaga, jenereta, baa yenye spika nje. Mazungumzo na mwenye mashine ya kusaga, ili apumzike saa moja na nusu jioni hiyo, yana faida kuliko mabango kumi ya matangazo. La tatu ni joto. Fidla na chelo ni mbao nyembamba zilizoshikanishwa kwa gundi. Zikiachwa ndani ya gari juani au kwenye chumba cha bati saa saba mchana, mbao hupasuka au viungo huachia. Chumba cha kuhifadhia vyombo kiwe ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote ndani ya nyumba.

Yaliyobaki ni madogo: viti vinne visivyo na mikono, na kipande cha ubao cha kuwekwa chini ya ncha ya chuma ya chelo ili isiteleze wala kutoboa sakafu. Umeme hauhitajiki zaidi ya taa ya kusomea noti.

Kuhusu mahali, makanisa mara nyingi ndiyo majengo yenye mwangwi mzuri, na Jesup yalitumika. Katika kata zenye watu wa imani mbalimbali, onyesho lisipotoka kanisani huacha nje sehemu ya wakazi bila mtu yeyote kukusudia. Darasa, ofisi ya kijiji, na ghala la chama cha ushirika wakati halina mazao vinafaa. Zahanati siku ya kliniki ya watoto inafaa pia, iwapo muuguzi anakubali, maana akina mama huwa wanangoja na wangengoja hata hivyo. Mahali pamoja pasiingiliwe bila kuitwa: msibani.

Shuleni, wageni wapewe vipindi vya sanaa na michezo, wasichukue vya madarasa ya mitihani. Mwalimu wa darasa hubaki ndani muda wote. Mafunzo ya mtoto mmoja mmoja hufanyika mlango ukiwa wazi na mtu mzima mwingine akiwepo. Sharti hili halimtuhumu mtu. Ni ulinzi wa mtoto unaotakiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na msanii mwaminifu hufurahi kuliona limeandikwa.

Kijiji hakikuwa kimya

Kuna majivuno fulani ambayo mipango ya namna hii huja nayo bila kujua: kwamba muziki unapelekwa mahali ambapo haukuwapo. Hakuna kijiji cha aina hiyo nchini. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Bagamoyo, aliupeleka muziki wa zeze na ilimba hadi majukwaa ya ng'ambo, na elimu yake aliitoa nyumbani. Kikundi cha wazee wanne wanaopokezana nyimbo jioni nacho ni kikundi cha chemba, kwa maana yoyote ya haki ya neno hilo.

Kwa hiyo inafaa makubaliano yaeleze kubadilishana. Wageni huonesha kazi yao, na wenyeji huonesha yao, kwa posho. Mzee anayealikwa kufundisha mtindo wa kupiga zeze kwa saa mbili anafanya kazi ile ile anayolipwa mgeni kwa kuifanya, na kumpa soda badala ya malipo ni dharau. Aidha, kurekodi nyimbo za kijiji kunahitaji ridhaa ya wahusika kwa maandishi, pamoja na maelezo ya rekodi zitatumika wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatambua ulinzi wa sanaa za asili, na mwananchi anayeona wimbo wa ukoo wake umebebwa bila ruhusa ana mahali pa kupeleka malalamiko.

Wakishaondoka

Swali lililo gumu kuliko yote haliulizwi siku ya mapokezi. Ndugu wanne wa Jesup walikaa miaka miwili, kisha wakaendelea na safari yao. Baadaye walirudi Eastman wakiwa walimu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 9 walipofika alikuwa na miaka 11 walipoondoka, yaani umri ule ambao mikono inaanza kutii. Nani anamfundisha baada ya hapo?

Ugumu huo huongezeka kwa sababu za kiufundi ambazo wafadhili husahau. Fidla za watoto huja kwa vipimo: robo, nusu, robo tatu, na kamili. Mtoto hukua na kuacha kipimo kimoja kila baada ya mwaka au miwili, kwa hiyo fidla 10 zilizotolewa zawadi zote za kipimo kimoja huwafaa watoto kwa muda mfupi tu. Nyuzi hukatika, na za kubadilisha haziuzwi gulioni. Singa za uta, ambazo ni nywele za mkia wa farasi, huisha. Pasipo mtu wa kutengeneza, zawadi huishia kwenye kabati la mwalimu mkuu, na mtoto aliyeonjeshwa jambo kisha akanyimwa hubaki na kinyongo ambacho taarifa ya mradi haikiandiki.

Mahali pamepata njia mbalimbali. Huko Kuhmo, mji mdogo uliozungukwa na misitu mashariki mwa Finland karibu na mpaka wa Urusi, mpigaji chelo kijana aitwaye Seppo Kimanen alianzisha tamasha la muziki wa chemba mwaka 1970. Wanamuziki hawakuhamia huko, ila walirudi kila majira ya joto, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1993 mji ukafungua jumba lake la sanaa. Njia ya pili ni ya mjini, si ya shambani, lakini inafundisha: mwaka 1997, katika mji wa Providence, Marekani, Sebastian Ruth alianzisha Community MusicWorks, ambapo wapigaji wa kikundi cha nyuzi hufanya kazi ndani ya mitaa ya watu wa kipato cha chini na kuwafundisha watoto bila malipo, bila tarehe ya kuondoka. Kuhmo palikuwa na kurudi. Providence palikuwa na kubaki. Ukaazi usio na kimoja kati ya hivyo viwili unapaswa kusema wazi utaacha nini.

Kwa kijiji cha kawaida, lililo ndani ya uwezo ni kumfundisha anayebaki. Mwalimu mmoja wa shule na kiongozi mmoja wa kwaya wakikaa na wageni kwa kipindi chote, kijiji kitakuwa na watu wawili wanaojua zaidi ya walivyojua. Wanakwaya wengi tayari husoma noti kwa mtindo wa do-re-mi. Kutoka hapo hadi kusoma noti za mistari si safari ndefu. Vyombo vya kufundishia watoto viwe vile ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza: zeze, marimba, ngoma. Fidla zikija, zije na nyuzi za akiba za miaka mitatu na jina la atakayezitunza.

Ombi linapita wapi

Kikundi, au taasisi inayokileta, huandika barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Barua hujadiliwa na Halmashauri ya Kijiji, kisha hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ni mkutano wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Nakala hupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kufika kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Wasanii wa ndani huulizwa usajili wao katika Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Wageni kutoka nje ya nchi huoneshwa njia ya kupata kibali cha baraza hilo pamoja na hati za Idara ya Uhamiaji, na hawaanzi kazi kabla ya kuvipata.

Mkazi yeyote anaweza kuomba rasimu ya makubaliano isomwe mkutanoni kwa sauti, neno kwa neno. Vipengele vya kusikiliza kwa makini ni saa za mazoezi, nyumba na kodi yake, masharti ya watoto, malipo ya wasanii wenyeji, ruhusa ya kurekodi, na jina la mtu atakayekabidhiwa ufunguo wa kabati la vyombo siku ya mwisho. Kipengele kisipokuwamo, mkutano unaweza kuirudisha rasimu, na kikundi kikaileta tena katika mkutano unaofuata.